Dismas na Upande wa Mama Yake

Mume wangu Dismas ni mbishi, na hilo nalisema mbele yake akiwa anakula, wala hapingi. Lakini mwaka wa tisini na nane malaria ilimlaza hapa Nkowe mpaka tukadhani ndiyo anaondoka, na mbishi huyo huyo akanishika mkono akalia. "Mama Tabitha, nikifa, utampelekea nani habari upande wa mama yangu? Nani atanililia?"

Niliumia jamani. Kwetu sisi Wamwera mtu ni wa kwa mama yake. Ukifa, wajomba ndio wanaoulizwa kwanza, na mama wadogo ndio wanaokaa chini wakakulilia. Mimi wajomba ninao wa kumwaga. Dismas hakuwa na hata mmoja. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mtoto wa kukimbiza kuku, baba yake akamchukua kimyakimya kutoka kwa wakwe zake, akahamia Nkowe, na jina la marehemu hakulitaja tena mpaka naye akazikwa. Tulipooana, waliomsimamia Dismas walikuwa majirani. Kitu pekee ambacho baba yake alimwachia ni maneno haya: "Ulibatizwa Mnero."

Alipopata nguvu nikamwambia, basi nenda Mnero, pale misheni, ukaulize. Akaenda, akarudi kanywea. "Hawakuniona kwenye vitabu." Akaenda tena baada ya kuvuna korosho, akarudi vilevile. Nikamuuliza, wewe, kanisa linaandika waliobatizwa tangu enzi za mapadre Wazungu, wewe umekosekanaje? Akasema vitabu vimeliwa na mchwa. Haya.

Safari iliyofuata nikajifunga kanga kiunoni nikaenda naye. Mwanaume huyu namjua, akidanganya anatazama miguu yake.

Ofisini kule Mnero tulimkuta Sista Teodosia, binti mchangamfu aliyetokea Moshi. Kumbe vitabu viko salama, hata vumbi havina! Akatufungulia kile cha miaka ile. "Baba, nilishakueleza," akasema kwa upole. "Kina Dismas wako wanne, nadhani padre wa wakati ule alilipenda jina hilo. Wazazi wao wote hawakufunga ndoa kanisani, kwa hiyo baba hakuandikwa, ameandikwa mama tu. Kilichobaki cha kuwatofautisha ni jina la nyumbani, lile la utotoni. Wewe ulikuwa unaitwa nani?"

Dismas akatazama miguu yake. "Sikumbuki."

Hapo ndipo nilipoelewa, nikataka kucheka na kulia kwa pamoja. Mwanaume wa kwetu akitoka jandoni anapewa jina jipya, na lile la zamani linaachwa hukohuko porini. Ukimwita mtu mzima kwa jina lake la utotoni umemtukana tusi zito, watu wameshikiana mapanga kwa hilo. Mwenyewe halitamki, sembuse mbele ya binti, sembuse mbele ya mkewe. Sista wa watu angejuaje? Kwao ni mbali. Lakini huyu wangu! Yuko radhi afe bila ukoo kuliko kutamka neno moja!

"Baba Tabitha, una wazimu," nikamwambia. Halafu nikamgeukia Sista. "Usimuulize tena. Mgeuzie kitabu aweke kidole mwenyewe. Na mimi natoka nje."

Nikatoka, nikasimama barazani nimewapa mgongo. Kisha nikasikia kiti kikisukumwa, na Sista akisoma taratibu: "Mama, Auleria. Kwao Chunyu."

Chunyu! Yaani humuhumu wilayani kwetu Ruangwa! Nilitaka kupiga kelele. Dismas akatoka kashikilia ukuta, uso umemlegea. "Anaitwa Auleria," akaniambia, kama ananitambulisha kwa mgeni aliyesimama pale pale.

Jumapili tukapanda baiskeli kwenda Chunyu, yeye anaendesha, mimi nyuma na kuku kwenye kikapu. Tukauliza, tukaelekezwa nyumba ya bibi mmoja anaitwa Makrina. Alikuwa mkekani uani anamenya mihogo, wajukuu wamemzunguka.

"Shikamoo bibi. Tunatafuta watu wa Auleria," nikasema mimi.

"Marahaba. Auleria alikufa zamani," akajibu kwa Kimwera. "Mimi ndiye mdogo wake."

"Huyu ni mwanawe."

Bibi akaweka kisu chini. "Auleria alikuwa na mtoto mmoja tu," akasema. Akamtazama Dismas paji la uso, akamtazama masikio, akamtazama vile anavyosimama. Halafu akamwita kwa jina.

Alimwita kwa lile lile la utotoni, kwa sauti, mchana kweupe, wajukuu wanasikia. Angemwitaje tena? La kanisani nyumbani hawakulitumia, na la jandoni hakulijua. Mimi niliyezaa na kulea na mtu huyu bila kulijua nililisikia, na hapa siliandiki. Nikafumba macho kungoja balaa.

"Naam, mama," Dismas akajibu.

Bibi Makrina akamvuta akamkalisha mkekani kati ya maganda ya mihogo, akawa anampapasa kichwa kile chenye mvi, analia na kuongea kwa pamoja. "Tuliambiwa umekufa. Tuliambiwa ndui imekumaliza huko baba yako alikokupeleka. Tukakaa matanga, mwanangu. Tukanyoa nywele, mimi na wajomba zako wote. Tulikulilia mpaka sauti zikakauka."

Dismas akageuka kunitafuta, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

"Mama Tabitha, umesikia?" akasema. "Walinililia."