Maiti Aliyerudi Kwao kwa Kuruka

Baba yangu bado yu hai, na moyo wake unapiga vizuri kuliko wangu. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu sipendi wasimulizi wanaomficha mgonjwa mpaka ukurasa wa mwisho. Lakini Jumamosi ile tulipoangalia filamu ya maiti, hatukujua litakalokuwa. Jumanne iliyofuata angepasuliwa moyo, nami nilikuwa nimeendesha gari kutoka Columbus hadi Buffalo nikiomba jambo moja tu: asinikumbushe kiapo.

Kiapo chenyewe kilikuwa hivi. Mwaka tulioletwa Marekani, baba aliniita mimi, mtoto wake wa kwanza, akauweka mkono wangu juu ya Biblia na kuniapisha kwamba akifa sitamwacha katika nchi hii ya theluji. Nitamrudisha milimani, kule Kivu ya Kusini, alale kando ya baba yake. Niliapa. Ningefanya nini? Mzazi akikushika mkono namna ile, humwambii subiri nifikirie. Lakini hata siku ile nilijua kwamba njia ya kwetu imefungwa na vita, na tangu hapo imezidi kufungwa. Kazi yangu ni kutunza wazee, huko Westerville, kando ya Columbus. Nimewafumba macho wazee wa watu wengine, na kila mara nimejiuliza: wangu je, nitamfanyaje? Niliapa uongo mbele ya Mungu, na uongo huo ukanikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mdogo wangu anaishi Louisville na anafanya kazi ghalani. Hakupata ruhusa ya kuja, basi akaamua kumtuliza mzee kwa filamu. Kule kambini, tulikoishi kama wakimbizi kabla ya Marekani, baba alikuwa hakosi kwenye banda la video, akiangalia filamu za Kichina. Na kwetu sisi filamu ya Kichina ni karate, hakuna nyingine. Mdogo wangu akaona picha ya Mchina aliyenyoosha mikono mbele, akadhani ni mtindo mpya wa kupigana, akatutumia bila kuangalia hata dakika moja. Ndivyo alivyo. Haraka haraka haina baraka, lakini nani amwambie?

Tulikaa sebuleni kwa wazazi baada ya chakula cha mchana, West Side ya Buffalo, katika ile nyumba ya mbao inayolalamika kila upepo ukivuma. Baba alikuwa kwenye kochi, mimi kando yake. Nilisoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha, na kila mara nikasimamisha filamu ili nimtafsirie. Mama alikaa mezani akichambua maharagwe.

Yule aliyenyoosha mikono hakuwa anapigana. Alikuwa amekufa. Alivaa joho la bluu kama la ofisa wa zamani, uso mweupe kama unga, na karatasi ya njano ilibandikwa kwenye paji la uso wake. Viungo vilikuwa vimekakamaa, kwa hiyo hakuweza kutembea. Aliruka kwa miguu miwili pamoja. Mbele yake alitangulia kuhani mwenye kengele.

"Hii ni karate gani?" baba aliuliza. "Juu ya nini anaruka sawa chura?"

"Papa, ni mufu."

"Na ile karatasi?"

"Ya kuhani. Ikitoka, mufu anakuwa mukali."

Baba alicheka mpaka akashika kifua, nikaogopa. "Donc hata mufu iko na makaratasi! Ukipoteza makaratasi, matatizo!"

"Mapepo," mama alisema, lakini niliona ameacha kuchambua.

Kisha kuhani akafika kwenye daraja, na mlinzi akamwuliza anampeleka wapi yule. Jibu likatokea chini ya picha: huyu alifia ugenini, mwanawe ameniomba nimrudishe nyumbani akazikwe na baba yake. Nikasimamisha filamu kama kawaida. Nikafungua mdomo.

"Anasema... anamupeleka hospitali."

"Hospitali? Mufu?"

"Ndiyo, Papa. Wachina wana dawa kali."

Mama akainuka. Mwaka mzima alikuwa akisoma Kiingereza kanisani na wanawake wenzake, nami sikuwahi hata kumwuliza amefika wapi. Akaenda mpaka kwenye televisheni, akaweka kidole kwenye kioo.

"Hapana. Hapa bameandika *home*. Ile neno naijua. *Home* ni kwetu. Na hii ni *father*."

Sikuwa na pa kujificha. Nilimtafsiria baba upya, neno kwa neno, nikiyaangalia magoti yangu. Aliashiria kwa kidole tuendelee.

Maiti akaruka kupita mashamba na mito, mvua ikimnyeshea. Watu walifunga milango. Waliokutwa njiani walibana pumzi, maana maiti wa namna hiyo humtambua mtu kwa pumzi yake. Mwishowe akafika kwao. Nyumba haikuwa na paa, nyasi zilikuwa zimeota mlangoni, majirani wote walishakimbia. Mwana aliyeomba baba yake arudishwe alibaki kulekule ugenini. Kuhani alipiga kengele mara tatu na hakutoka mtu.

"Simamisha," baba alisema.

Nikasimamisha.

"Ni nani amebakia kule kwetu?"

Tukaanza kuwataja. Shangazi yuko Burundi. Baba mdogo yuko Nairobi. Binamu zake wako Louisville, mtaa mmoja na mdogo wangu. Tulitaja mpaka majirani, na majirani wa majirani. Hatukumpata hata mmoja.

"Bon," alisema. "Mimi sitaki kuruka njia yote ile, nifike, nikose mutu wa kunifungulia. Munizike hapa."

Nililia kama mtoto. "Papa, siku ile niliapa nikijua siwezi."

"Nilijua kama unajua. Uliapa ukiangalia mulango. Mimi niliogopa, njo maana nikakuapisha. Leo nakufungua."

Nasema bila haya: nilifurahi. Baba yangu alikuwa anazungumzia kaburi lake, siku tatu kabla ya kisu, nami nilikuwa nafurahi, nikijifuta pua kwa kitambaa cha kochi. Mdogo wangu alipopiga simu kuuliza kama karate ilikuwa nzuri, nilimwambia inapita zote.

Nilipokata simu ndipo nikamwona mama. Alikuwa bado amesimama kando ya televisheni, na yeye pia alikuwa analia.

"Mimi nilishaambia bamama ba kanisa," alimwambia baba. "Nikikufa, banizike hapa, karibu na batoto. Miaka yote nilikuwa naogopa kukuambia. Nilijua wewe utaenda kule, mimi nitalala hapa peke yangu."

Muda wote huo nilikuwa nimejihurumia mimi na kiapo changu. Sikuwahi kuwaza kwamba kiapo kile kingemtenganisha mama na mume wake.

Baba alimtazama sana. Kisha akakohoa, akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za soko:

"Na makaburi ya hapa, basi ya mujini inafika?"

"Inafika," mama alisema. "Nilienda kuangalia."