Darasa Lililokataa Kumpinga Mwalimu Wake

Saa mbili asubuhi haijafika na mwalimu huyu ameshachoka. Yuko katika chumba cha mwisho kwenye korido, mkabala na stoo ya viti vibovu, akisahihisha insha. Anasoma mistari miwili, anasonya, anavuta nyingine.

"Sikiliza hii," anasema, akimtafsiria kutoka Kiingereza mgeni aliyekuja kuliona darasa lake. "'Mwandishi ni mtu mwenye hekima nyingi, nasi hatuna la kuongeza.' Nimewaambia wakosoe makala, wao wameniandikia risala ya kumuaga mstaafu."

Anafundisha Kiingereza cha kitaaluma chuo kikuu, kwa mkataba wa muhula na mshahara unaokuja ukijisikia. Wanafunzi wake wanakiongea Kiingereza bila tabu. Waambie wapime hoja za mtaalamu na kuandika ni wapi hazishiki, kalamu zinaganda.

"Tatizo wamelelewa vizuri mno," anasema. "Mtu mzima akisema, unaitikia. Nikiwaambia wamjibu profesa, wananitazama kama nimewatuma wakamzabe kibao babu yao."

Muhula huu maji yamemfika shingoni. Idara inataka kulifuta darasa lake, wanafunzi wajifunze wenyewe kwenye kompyuta. Mkuu wa idara amempa nafasi moja: alete insha ya mwanafunzi anayekosoa kwa hoja na ushahidi. Mwisho ni leo jioni.

Na hapo alijiponza mwenyewe. Makala aliyowapa aliiandika yeye mwaka juzi, jina lake liko juu kabisa. Inadai kuwa wanafunzi wanaosoma kwa sauti darasani huandika vizuri zaidi. Alidhani kwa vile wamemzoea, itakuwa rahisi. Amepata rundo zima la sifa.

Wanafunzi wanaingia, wanakaa. "Leo hatoki mtu hapa bila kunipinga," anawaambia. "Nipingeni, nawaombeni."

Kiongozi wa darasa anasimama. "Mwalimu, kwa kweli makala ni nzuri sana."

"Kaa chini, baba."

Ndipo mkono unapoinuka nyuma kabisa. Ni binti ambaye wenzake wanamwita Samahani, kwa kuwa hafungui kinywa bila neno hilo.

"Samahani, mwalimu. Wanafunzi wa kwenye makala uliwahoji mwisho wa muhula?"

"Ndiyo."

"Basi uliwahoji waliobaki. Walioacha hawamo."

Mwalimu anaweka kalamu mezani. "Umejuaje kuna walioacha?"

"Nilikuwa darasa hilohilo, nami niliacha. Siku niliyosoma kwa sauti wenzangu walicheka, na wewe ukasonya. Nikaahirisha masomo. Nimerudi mwaka huu kwa sababu somo ni la lazima."

Mwalimu hamkumbuki, na hilo linamuuma waziwazi.

"Liandike hilo lote," anasema. "Na la kusonya uliweke."

"Hata hilo, mwalimu?"

"Hilo ndilo ushahidi wenyewe, mwanangu."

Alasiri anaipeleka insha idarani bila kugusa hata nukta. Kiingereza chake kina makosa ya hapa na pale, lakini hoja imesimama. "Mkuu akiisoma ataona darasa linafundisha," anasema akishuka ngazi. "Ataona pia kwamba makala yangu ni ovyo, na mwandishi wake ni mkali bure. Acha aone."

Jibu atapewa wiki ijayo. Darasa likibaki, anataka kuiandika makala upya, safari hii awatafute walioacha. Tayari amemuuliza binti yule habari za wenzake walioacha. Mmoja hajulikani alipo. Mwingine hakurudi tena chuoni, anauza kwenye duka la dada yake.

"Nitamfuata hukohuko dukani nimwombe arudi," anasema. "Na hata darasa likifutwa, nitakwenda. Huyo ana haki ya kuniambia alichokiona, na mimi nikae nimsikilize mpaka amalize."