Kufeli kwa Utii

Watu wa kijiji kile walinipenda, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Wangenichukia ningejua la kufanya. Ningerudi zangu nyumbani Tabora nikawasema barazani mpaka nichoke, na majirani wangenionea huruma. Lakini walinipenda. Mama yangu alipofariki walikodi lori wakaja mjini kuzika, wanaume kwa wanawake, wakalala kwenye mikeka uani kwetu. Sasa nimestaafu, nakaa uani hapohapo, na kila nikiwakumbuka napandwa na hasira ambayo sina wa kumtolea.

Shule yenyewe iko ndani kidogo ya barabara, upande wa Ziba, nchi ya mpunga na ng'ombe. Mimi ni mtoto wa mjini, wa mtaa wa mafundi cherehani na wenye maduka, ambao babu zao walikuja na misafara wakaona hapa panatosha. Nilipofika na ushungi wangu kuwa mwalimu mkuu, waliniita Mwarabu kwa utani, ingawa nawazidi weusi. Nikajifunza kusalimia kwa Kisukuma, wakacheka, yakaisha. Sijawahi kufanya kazi na wazazi wepesi kama wale. Ukitaka tofali, wanafyatua. Ukitaka maji ya ujenzi, mikokoteni ya ng'ombe inafika kabla ya jua. Mahindi ya uji wa watoto yaliletwa bila kugombana, na choo cha wasichana kilichimbwa na akina baba huku wanaimba. Mgeni akipita angesema hawa ndio watu wanaopenda shule.

Wanaipenda, ndiyo. Wanaipenda mpaka darasa la saba. Hapo mtoto anajua kusoma, kuandika na kutuma pesa kwa simu, na kwao hiyo inatosha. Shida ni kwamba akifaulu mtihani wa mwisho anapangiwa sekondari, na asipokwenda, mzazi atatafutwa na mtendaji wa kijiji. Akifeli hatafutwi mtu. Kwa hiyo mtoto anaambiwa nyumbani, kwa upole kabisa, pengine wakati wa kula: usije ukafaulu. Na watoto wa kule wamelelewa vizuri. Wakiambiwa na baba zao, wanasikia.

Nilichelewa kulijua hilo. Matokeo yakitoka nilikuwa nasimama kwenye kikao cha wakuu wa shule wilayani, shule yangu mkiani, nasemwa mbele ya watu niliowazidi umri. "Madam, ongeza juhudi." Niliongeza. Nilifundisha mchana wakati wenzangu wamelala, nikawagombeza walimu wangu vijana mpaka mmoja akaomba uhamisho. Nikaanza kuamini kwamba sijui kufundisha. Ukifikia hapo baada ya kushika chaki maisha yako yote, hata chakula hakipiti.

Aliyenifumbua macho ni msichana mmoja wa darasa la saba, mwaka wangu wa mwisho. Alikuwa mwembamba, mkimya, mwenye akili ya kuogofya. Ukikosea ubaoni hakukuaibisha. Alisubiri wenzake watoke, ndipo akuonyeshe. Tulipofanya mtihani wa majaribio nilisahihisha karatasi yake ya Sayansi mwenyewe, maana nilitaka kufurahi. Alipata sifuri.

Nilidhani nimechanganya karatasi. Nikarudia. Maswali yalikuwa ya kuchagua herufi, na yeye alijibu yote, hakuacha hata moja, na yote alikosa. Sasa hebu mtu afikirie. Asiyejua kitu, akifumba macho na kubahatisha, mawili matatu yatamwangukia. Kukosa yote ni kazi ya mtu anayejua majibu yote na kuyakwepa moja moja. Katika shule nzima ni yeye peke yake aliyeweza kupata sifuri ile. Nilikaa ofisini nikalia. Nilikuwa nimefundisha vizuri kumbe, na haikusaidia kitu.

Kesho yake nilikwenda kwao. Baba yake alikuwa mjumbe wa kamati ya shule, mtu wa kwanza kufika kila palipokuwa na kazi ya kujitolea. Alinipokea vizuri mno.

"Mwangaluka, mama. Karibu, kaa kwenye kiti."

"Mwangaluka, baba. Nimekuja kwa ajili ya binti yako."

Aliagiza niletewe maziwa kwanza. Kisha akasikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza wala kukana.

"Mama, kaka yake alifaulu," alisema. "Niliuza ng'ombe, akasoma mpaka kidato cha nne. Sasa anaendesha bodaboda Nzega. Kukamua hajui, kazi hana, na nyumbani haji. Huyo nilimtoa mzima, nikarudishiwa nini?"

"Huyu si kaka yake. Huyu anaweza kuwa daktari."

"Inawezekana," alisema, kwa heshima ileile. "Wewe ndiye mwalimu. Akifaulu, amefaulu."

Binti alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kibuyu cha maziwa. Nilimwita nikamwambia mbele ya baba yake: siku ya mtihani andika unachokijua. Akaitikia kwa kichwa. Niliondoka na matumaini, nakiri, kama mjinga.

Nilikwenda pia kwa wakubwa wangu wilayani. Walinisikiliza nusunusu, wakaniuliza shule itapandaje mwaka huu.

Siku ya mtihani wa taifa mwalimu mkuu hasogei hata dirishani, wasimamizi wanatoka shule nyingine. Nilikaa chini ya paa la jiko la uji nikatazama mlango wa darasa. Watoto walipotoka walikimbia kama siku yoyote. Yeye alinipita ameinamisha macho, akachukua ndoo yake, akaenda kisimani. Matokeo yalipokuja, tulikuwa mkiani tena, na jina lake limo kwa waliofeli. Haukupita muda nikasikia ameshaposwa.

Kisha ikafika siku ya kuniaga. Walifunga maturubai, wakatoa madawati nje, na mafahali wawili wakachinjwa. Wengi wao ni Wakristo au wa dini za jadi, lakini walimtafuta Mwislamu wa kuchinja ili nile bila wasiwasi. Nilivishwa vitenge mpaka nikashindwa kugeuza shingo. Waliposema mzazi mmoja azungumze kwa niaba ya wote, alisimama baba yule.

"Mama," alisema, "walimu waliokutangulia walikuwa wakali. Kila mwaka walituchukulia watoto, na wengine hawakurudi. Wewe umekaa na sisi kwa adabu. Umetufundishia watoto wetu, halafu ukatuachia. Hatujapata mwalimu mkuu kama wewe."

Vigelegele vikapigwa. Hakuwa akinikejeli, na hilo ndilo baya. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Afisa aliyetumwa kutoka wilayani akaangalia simu yake. Mimi nilisimama pale na vitenge vyangu, nikatabasamu, nikasema asanteni sana, maana ungesema nini kwa watu waliokuchinjia mafahali wawili? Ndani nilikuwa naungua. Nilitamani kuwauliza ni wangapi tuliowazika hai pamoja, mimi na wao. Nikakaa.

Chakula kilipokuja, aliyepita kunawisha wageni ni yule binti, na birika na beseni, khanga mpya kiunoni. Alipiga goti mbele yangu.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba, mwanangu."

Alianza kunimiminia maji polepole. Wenzangu mezani walikuwa wanacheka na kuzungumza. Akainamisha kichwa karibu na mikono yangu, akasema kwa sauti ndogo, kama anavyosema mtu anayemfariji mfiwa:

"Madam, usijisikie vibaya. Ulitufundisha vizuri. Mtihani ulikuwa rahisi."

Nikamaliza kunawa. Alinipa taulo, akainuka, akaenda kwa mgeni aliyefuata.