Harufu ya Radi Katika Karakana ya Zuena

Saa tatu asubuhi, mvua ya Aprili 1983 inapiga mabati ya Majengo, Nyeri. Zuena Athman amekaa juu ya debe, jicho moja amelifumba, jingine amelibana kwenye kijidarubini cha shaba. Mbele yake neno KARIBU linawaka jekundu, lakini yeye hatabasamu.

"Imevuja," anasema. "Ya Rabi, imevuja!"

Zuena, miaka arobaini na moja, hupinda mirija ya kioo kwa moto, huitoa hewa, kisha huijaza gesi ya neoni. Ndizo zile taa za maandishi mnazoziona juu ya mahoteli. Aliajiriwa Nairobi kufagia karakana ya taa hizo, akaishia kupinda mirija mwenyewe, kisha akafungua karakana yake hapa.

Kijidarubini chake hupasua mwanga kuwa rangi. Neoni huonyesha mistari myembamba, myekundu na ya machungwa, kila mmoja peke yake. Naitrojeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayopumua, huja kwa mikanda ya zambarau kama marinda ya gauni: upande mmoja mkali, upande wa pili unafifia. Ukiyaona marinda hayo, jua hewa imeingia kwenye mrija.

Leo ameyaona. Na kioo kimekwisha! Neno hilo amelipinda kwa mirija ya mwisho. Mingine imekwama bandarini tangu Januari. Likiharibika, Ngatia, mwenye hoteli Sagana aliyeliagiza, atapeleka kazi yake Nairobi, na karakana itafungwa.

"Nimezaa watoto wanne, sijatetemeka hivi," anasema, kikatio cha kioo tayari mkononi ili atafute palipovuja. Maskini, ungemwonea huruma.

Ngatia mwenyewe anaingia, koti limelowa chepechepe. Anaambiwa habari, anaguna, kisha anaanza kunusanusa.

"Mama Mishi," anamwita kwa jina la bintiye, "hii nyumba yako iko na harufu gani? Ati ni kama radi imepiga hapa karibu."

Zuena naye ananusa. Anaweka kikatio chini.

"Ngoja, Bwana Ngatia. Umeme wa ndani ya kioo hautoi harufu. Hii inatoka nje ya kioo!"

Anafunika ncha za mrija, panapoungwa nyaya, kwa kitambaa cheusi, anachungulia katikati. Ni mistari myekundu tu. Anafunua ncha, na marinda yamerudi.

Kumbe mrija ni mzima. Waya umelegea na kuingiwa na unyevu, umeme unarukia hewani na kutoa harufu ile ya radi, na hewa ya chumbani ndiyo inayowaka zambarau nje ya kioo. Anazima umeme, anakausha, anakaza, anavika mpira. Akiwasha tena, harufu imekwisha na marinda hayapo.

"Alhamdulillahi!" Anaketi sakafuni, anacheka huku akifuta machozi. "Ningekata kioo chote kwa sababu ya waya!"

"Pua yangu utailipa chai," Ngatia anamtania.

"Chai na mandazi, bwana. Kunywa mpaka ushindwe!"

Mirija ikitoka bandarini, Zuena anasema, neno la kwanza litakuwa lake mwenyewe. Miaka sita sasa jina lake huandikwa mlangoni kwa chaki, na asubuhi hii limeshalowa na kutiririka.

"Nitaandika ZUENA, nyekundu," anasema akiutazama mlango. "Hilo mvua haiwezi kulifuta."