Mtani Aliyejiita Ndugu

Mwishehe alifunga marobota ya usufi katika ghala la Abbasali, njia ya Kipawa, lakini Buguruni walimjua zaidi kwa kuzika watani wake. Yeye alikuwa Mzaramo, na Mnyamwezi akifa mtaani, aliitwa kabla ya sanda kukatwa. Alijilaza kaburini akakataa kutoka mpaka apewe chochote, akaiga mwendo wa marehemu, akawasimanga wafiwa mpaka wakacheka huku wanafuta machozi. Nimehudhuria mazishi katika nchi nyingi, na sijaona faraja kali kama ile, wala inayofaa zaidi.

Miaka ile baada ya vita, enzi za Mwingereza, jirani yake Maganga, Mnyamwezi mchukuzi wa bandarini, alifariki asubuhi ya siku ya kazi. Mwishehe aliacha robota halijafungwa, akaenda. Hakuomba ruhusa, pale ghalani msiba ulikuwa ruhusa tosha. Lakini safari hii meli ilikuwa ikingoja mzigo. Abbasali alikasirika, akamshitaki. Na sheria ya siku zile haikulichukua jambo hilo kuwa ugomvi wa tajiri na mtu wake: mtumishi aliyeondoka kazini bila ruhusa wala sababu ya haki aliweza kufungwa.

Kwenye baraza ya mahakama, Gozbert, mkalimani kutoka Bukoba, alimvuta kando. Hakuwa mtu mbaya.

"Hakimu atauliza marehemu ni nani wako. Sema ndugu yako."

"Si ndugu. Mtani wangu."

"Bwana, mie mwenyewe utani wenu wa pwani unanishinda. Nimweleze Mzungu kwamba uliacha kazi ukalale kaburini kwa mzaha? Watakucheka, kisha watakufunga."

Mkewe alikuwa mjamzito. Mwishehe aliingia kizimbani, na kwenye benchi la nyuma akamwona Mauwa, dada yake Maganga, aliyekuja kumtetea.

"Ni ndugu yangu," akasema, macho sakafuni. Wa baba mmoja? aliuliza hakimu. Akaitikia, wa baba mmoja.

Hakimu aliamua kuwa kumzika ndugu wa damu ni sababu ya haki, akamwachia arudi kazini. Makarani waliisifu hukumu ile. Mimi naiona nyembamba. Ilimpa haki ndugu, ikamwacha nje mtu ambaye pasipo yeye mazishi ya Mnyamwezi hayatulii. Wala hakimu hawezi kulaumiwa peke yake: jambo ambalo hakuna aliyethubutu kulitaja mbele yake angelihukumu vipi? Mtani atakayefuata ataukuta mlango ule ule, umefungwa.

Nje, Abbasali alimpita akicheka. "Mwishehe, tangu lini umezaliwa Tabora?" Kisha akashusha sauti, akamwambia aje kesho kazini. Yeye pia alionekana kuona haya.

Mauwa alikuwa ameshaondoka.

Siku ya arobaini Mwishehe alikwenda msibani kama desturi yake. Alifunua sufuria la pilau, akatangaza kwamba wali wa Wanyamwezi unanuka jasho la mizigo. Mauwa alitandika mkeka upande wa wafiwa, akaupangusa kwa kiganja.

"Kaa hapa, kaka."

"Kaka yako nani? Nimekuja kudai ada yangu."

"Umesema mwenyewe mbele ya serikali. Baba yetu mmoja. Mfiwa hatanii."

Mwishehe alitafuta mzaha usoni mwake, hakuuona. Angekuwa anamsimanga, angejua la kujibu. Akakaa.

Ada ya watani ilichukuliwa na Mwanaheri, mama wa Kizaramo muuza vitumbua. Alivaa kanzu ya Maganga, akajitwika gunia tupu, akayumba uani akilalamika kiuno kwa sauti ile ile ya marehemu. Watu walivunjika mbavu. Mwishehe naye kicheko kilimtoka, kikubwa, kabla hajakizuia.

Waliokuwa karibu waligeuka kumtazama. Mzee mmoja wa Tabora akamgusa goti taratibu, kama anavyotulizwa aliyefiwa na nduguye, akamwambia ajikaze. Mwishehe akainamisha kichwa.