Fundi Aliyetangazwa Kupotea

Wateja walimwita Dada Zamani, na jina hilo lilimkaa vizuri kama nguo iliyopimwa. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiuza nguo zilizopitwa na wakati: suruali za bugaluu, mashati ya kola ndefu kama masikio ya sungura, magauni ya maua makubwa, makoti ya mahameli ambayo wenyewe wa kwanza huenda walikwisha kufa. Wauza mitumba wenzake walipofungua robota walichagua kinachovaliwa mwaka huu, kilichobaki wakakitupa pembeni. Yeye alikuja nyuma yao akaokota vya pembeni.

"Unaokota vya marehemu," walimtania.

"Marehemu walijua kuvaa," aliwajibu. Akafua, akapiga pasi, akatundika, akangoja tamasha la muziki.

Tamasha lilikuja mara moja kwa mwaka, siku tatu, kwenye uwanja mpana pembezoni mwa mji. Huko ndiko walikokuwa wateja wake. Vijana walitaka kufanana na babu zao wa kwenye picha, mradi babu wenyewe wasiwepo kuwaambia jinsi suruali ile ilivyokuwa ikivaliwa. Kibanda chake kilikuwa na vyuma viwili vya kutundikia nguo, kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, shuka iliyofungwa kwa kamba kuwa chumba cha kujaribia, na nyuma kabisa meza ndogo yenye cherehani ya mkono. Hapo alikaa baba yake.

Baba alikuwa na miaka sabini na tisa, na kati ya hiyo hamsini na mitatu alikuwa fundi cherehani. Macho yake yalimtosha akivaa miwani. Mikono yake haikuwa na neno. Kumbukumbu ndiyo iliyoanza kutoboka, kidogo hapa, kidogo pale, kama sweta lililoliwa na nondo. Miezi minne nyuma alitoka nyumbani kwenda kununua uzi, na jioni jirani akamkuta amesimama mbele ya duka lake la zamani, ambalo siku hizi linauza simu, akiwauliza wenye duka nani amebadilisha kufuli. Alikuwa amesimama pale tangu mchana.

Kesho yake kaka yake Dada Zamani akaja. Kaka alikuwa mkubwa wake kwa miaka sita, mtu mwenye kazi nzuri na moyo mzuri, aliyeishi mwendo wa saa tisa kwa basi, ghorofa ya saba. Alikaa sebuleni akazungumza kwa sauti ya chini, kwa sababu baba alikuwa chumbani.

"Mdogo wangu, akipotea mara moja tu tena, namchukua. Sitaki ubishi."

Dada Zamani hakubisha. Angebisha kwa lipi? Yeye ndiye aliyekuwa amelala usingizi wa mchana siku ile baba alipotoka. Lakini alijua ghorofa ya saba ilivyo. Ni safi, ina lifti, na hakuna mtu hata mmoja atakayegonga mlango akiwa na suruali mkononi na kusema, "Fundi, nipunguzie hapa." Baba angekaa pale akiangalia mikono yake.

Ndiyo maana alimleta kwenye tamasha. Hapa angekuwa hatua tatu kutoka kwake, akikunja upindo wa sketi na kurudishia vifungo. Siku ya kwanza ilikwisha salama. Siku ya pili asubuhi wakaja vijana watano wa bendi, wapiga tarumbeta, wakayakumbatia makoti matano ya rangi ya zabibu ambayo aliyatoa kwenye robota moja. Yalikuwa sare ya wabeba mizigo wa hoteli fulani, bila shaka. Vijana wakayavaa hapohapo, wakajitazama kwenye kioo kimoja watano kwa pamoja kama wanaopigwa picha ya harusi, wakaondoka wakicheka.

"Mabega yale," baba alisema nyuma yake.

"Yana nini?"

"Hayafai."

"Wameyapenda, baba."

"Kupenda ni kitu kingine," alisema baba, akainamia sindano.

Wateja wakaja kwa mkupuo. Saa saba hivi, msichana mmoja aliyevaa viatu virefu akaonyesha kidole koti jeusi lililolazwa juu ya cherehani. Dada Zamani akanyoosha mkono akalichukua, macho yakiwa kwa mteja. Kifuani kulikuwa na michirizi myeupe. Bila kufikiri akachomoa brashi kwenye aproni akapitisha mara tatu. Hiyo ilikuwa sheria yake: nguo haifiki mkononi mwa mteja kabla ya brashi, maana nguo za zamani huja na kila kitu, vumbi, unga, alama za mafundi wa watu wengine. Michirizi ikafutika. Msichana akalivaa, akajigeuza mbele ya kioo, akasema ni zito, akaenda zake.

Dada Zamani akageuka amwambie baba kwamba leo wateja wana masharti. Kiti kilikuwa kitupu.

Kwanza akajiambia ameenda msalani. Akangoja. Akaenda mwenyewe hadi kwenye vyoo vya plastiki, akaita mlango kwa mlango, akajibiwa na watu wasiomhusu. Akaenda kwenye bomba la maji. Simu ya baba ilikuwa kibandani, imechomekwa kwenye chaji, inameremeta bila msaada wowote.

Kibanda cha jirani kilikuwa cha muuza miwani ya jua, mtu wa maneno mengi ambaye hata kivulini hakuvua miwani yake.

"Umemuona baba yangu?"

"Mzee? Kapita hapa na tepu shingoni, anatembea kama mtu anayekwenda kugomba."

"Kaelekea wapi?"

"Dada yangu, hapa kila mtu anaelekea kwenye kelele." Kisha akaona uso wake, akavua miwani. "Nenda kamtafute. Nakuangalizia."

Akatafuta. Uwanja ambao jana aliuona mdogo ulikuwa sasa hauna mwisho. Kila kiti kilichokaliwa na mtu mwenye mvi kilimvuta, na kila mara mtu akigeuka alikuwa baba wa mwingine. Mlio wa ngoma kutoka kwenye spika ulimgonga mbavuni hata akashindwa kujua ni ngoma au ni yeye mwenyewe. Saa tisa kamili simu ikaita. Kaka hupiga kila siku saa tisa, na hachelewi hata dakika.

"Mzee hajambo?"

"Hajambo."

"Yuko wapi?"

"Yuko nyuma, anashona." Uongo ulimtoka laini hata akajishangaa.

"Mpe simu nimsalimie."

"Mikono yake imejaa kazi, kaka. Na kelele hizi hatakusikia."

"Usinifiche kitu, mdogo wangu."

"Nikufiche nini?"

Alipokata simu akasimama kati ya watu waliokuwa wakicheza, na hapo likamjia wazo ambalo hakuliita. Kwamba baba akipatikana na kupelekwa kwa kaka, yeye atalala usingizi. Atalala usiku mzima bila kusikiliza kama komeo la mlango limesogezwa. Ataamka na kunywa chai yake ikiwa bado moto. Wazo lilikuwa tamu kwa muda wa pumzi moja, kisha likamchoma usoni kama mtu aliyezabwa kofi. Akaanza kutembea tena, sasa akikaribia kukimbia, kana kwamba baba angeweza kuwa amelisikia.

Akafika kwenye hema la matangazo. Msichana mwenye kipaza sauti alikuwa na daftari.

"Jina la mtoto?"

"Si mtoto. Ni baba yangu."

Msichana akainua macho. "Samahani, mama. Hapa huwa tunatangaza watoto. Umri?"

"Sabini na tisa."

"Amevaa nini?"

"Kizibao cha kahawia. Na tepu ya kupimia, shingoni."

Msichana akaandika kwa upole. Sauti yake ikatoka kwenye spika zote za uwanja, kubwa, tulivu, ikimtaja mzee mwenye kizibao cha kahawia na tepu shingoni, kwamba binti yake anamtafuta, kwamba yeyote aliye naye amlete. Kusikia hivyo ndiko kulikomvunja nguvu Dada Zamani. Jambo likishatangazwa limekuwa la kweli. Baba amepotea mara ya pili. Kaka atakuja, na safari hii atakuja na sanduku tupu.

Hazikupita dakika kumi, kijana akatokea mlangoni mwa hema, jasho linamtiririka, amevaa fulana tu na suruali yenye mstari pembeni. Alimtambua: mmoja wa wale watano.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye unayemtafuta fundi?"

"Marahaba. Yuko wapi? Mzima?"

"Mzima? Anatugombeza tangu saa saba. Tumemwambia anatangazwa, akasema huyo anayetangazwa ni mzee mwingine, yeye hajapotea. Basi nimekuja mimi."

Nyuma ya jukwaa kulikuwa na masanduku meusi ya vyombo, nyaya zilizojinyonganyonga, na watu wanaokwenda mbio. Katikati ya zogo lote, baba alikuwa amekaa juu ya sanduku, subana ya kushonea kidoleni, pini nne mdomoni, koti la rangi ya zabibu magotini limepinduliwa ndani nje. Mengine mawili yalikuwa yamepangwa kando yake kama wagonjwa kwenye foleni. Vijana wa tarumbeta walikuwa wamemzunguka, wawili wameshavaa makoti, wengine vifua wazi, wametulia kama wanafunzi.

"Baba!"

Akatoa pini moja baada ya nyingine, hakuharakisha. "Umefunga kibanda?"

"Baba, nimekutafuta uwanja mzima!"

"Kwa nini unitafute? Makoti haya yamekatwa kwa watu wa kubeba mizigo, mikono iko chini. Hawa wanainua tarumbeta. Ukiinua mkono, koti zima linapanda, linakuwa kama fulana ya mtoto. Nimefumua kwapani nimetia kipande. Wewe," akamwita mmoja aliyekwisha kuvalishwa, "inua."

Kijana akainua mkono, akiwa na tarumbeta. Koti halikusogea.

"Umeona?" alisema baba.

Dada Zamani aliona. "Ungeniambia tu unaondoka."

"Ulikuwa na wateja. Nilikuandikia."

"Uliandika wapi?"

"Kwenye koti jeusi. Niliandika, niko kwa wa tarumbeta nyuma ya jukwaa, narudi saa kumi."

"Kweli, mama," kijana mmoja akadakia. "Nilipita kibandani saa saba nikamuona na chaki yake. Nikadhani anapima."

Maisha yake yote baba hakuwahi kuandika kwenye karatasi. Karatasi hupeperuka, alikuwa akisema, nguo inangoja mpaka mwenyewe aje. Hata sweta la shule la Dada Zamani lilipata kuandikwa chaki kwenye mkono: rudi na mkate. Na leo barua ya baba ilikuwa imelazwa pale ambapo lazima aione, imeandikwa kwa herufi kubwa kwenye kitambaa cheusi, na yeye akaichukua na kuifuta kwa brashi, mara tatu. Sasa aliiona tena ile michirizi. Ilikuwa imepangwa kwa mistari. Uchafu gani hujipanga kwa mistari?

"Niliifuta," alisema. "Baba, niliifuta kabla ya kusoma."

Baba alimtazama juu ya miwani. Kisha mashavu yake yakaanza kucheza.

"Basi wewe ndiye wa kupelekwa kwa kaka yako."

"Ulisikia siku ile?"

"Mlango wa chumba changu ni wa mbao, si wa chuma." Akachukua koti la nne, akatafuta kwapa kwa kidole gumba. "Siku ile ya duka nilipotea. Sikatai. Nilipotea, na niliogopa. Leo sijapotea. Nataka watu wajue tofauti."

Dada Zamani alikaa kwenye sanduku la pembeni akatoa simu. Alimweleza kaka yote, kuanzia kiti kitupu mpaka hema la matangazo, na hakupunguza kitu, isipokuwa lile wazo la kulala usingizi, ambalo alilikaribia, akaliacha, kisha akarudi akalisema pia.

"Kwa hiyo barua umeifuta wewe," alisema kaka.

"Mimi."

"Na saa tisa ulinidanganya."

"Nilikudanganya. Kumbe kweli alikuwa anashona."

Kikasikika kitu kama kicheko kinachozuiwa. "Mpe simu."

Baba akaibana simu begani, mikono ikiendelea. "Naam. Nasikia… Hapana, sikupotea, muulize dada yako nani kapotea… Suruali zako za kazini bado zinaburuta? Nilijua. Lete. Mkeo naye alete zake." Akairudisha simu bila kuaga.

"Amenikatia?" kaka akauliza.

"Amenirudishia. Ana makoti mawili bado."

"Basi abaki." Akashusha pumzi, na Dada Zamani akajua kwamba yeye pia alikuwa amekaa roho juu kwa miezi minne, huko ghorofani kwake. "Abaki, mdogo wangu. Mwezi ujao naja na suruali, nakaa wiki nzima. Wiki hiyo mlango ni wangu. Wewe ulale."

Alitaka kusema asante, akasema "Haya" tu.

Saa kumi na robo vijana watano wakapanda jukwaani. Mikono mitano ikainuka pamoja, mabega matano ya zabibu yakabaki mahali pake, na uwanja ukalipuka. Muuza miwani alikuwa akingoja kibandani, na Dada Zamani alipaswa kurudi. Hakurudi kwanza.

"Wanapiga vizuri?" baba akamuuliza sikioni. "Mimi kelele hizi sizielewi."

"Hata mimi, baba," alisema, akanyoosha miguu juu ya nyaya, na kwa wimbo mzima hakuinuka.