Mganga Aliyekataa Kuachwa Darajani

Ni Jumapili mchana, misa imekwisha, na jenereta ya Vestina Kemirembe inanguruma nyuma ya chumba chake cha michezo hapa Ihanda, Karagwe. Ndani, wanaume wamebanana kwenye mabenchi manne wakitafuna senene wa kukaanga, macho yote kwenye televisheni moja.

Vestina amesimama kando ya kioo na fimbo mkononi. Anasoma Kiingereza cha mchezo na kukitoa kwa Kiswahili. Kiswahili kikikwama, anamalizia kwa Kinyambo.

"Daraja limekatika," anatangaza. "Kamba iliyobaki inabeba watatu, nanyi wasafiri mko wanne. Nani anabaki?"

Mashine ya michezo iliyounganishwa na televisheni hiyo alinunuliwa na kaka yake mwaka 1996, wafanyakazi wa misaada walipokuwa wakifungasha katika kambi ya wakimbizi. Ilikuja na mchezo wa safari ndefu, ule wanaouita mchezo wa kuvaa uhusika, na kadi yenye nafasi ya kuhifadhi safari moja tu. Ndiyo maana wateja wote wanasafiri pamoja.

Tabu ni kwamba hawakubaliani mchezo huo ni nini hasa.

"Ni nguvu," anasema Rwegoshora, dereva wa lori la kahawa. "Unaanza dhaifu, unapigana, unakua. Huyu mganga wetu hamwezi hata kuku. Abaki!"

"Hiyo ni hesabu, mzee wangu," anajibu Polikarpi, mkulima wa Kanoni. "Uhusika ni kuamua kama yule uliyemvaa. Mganga ametutibu tangu mwanzo. Nani mwenye roho ya kumwacha?"

Wiki iliyopita, kwenye daraja hilihili, watu walitoka wamenuniana na jenereta ikalala siku kadhaa. "Nalea watoto wawili kwa mashine hii," anasema Vestina. "Nilisema basi, imekwisha."

Leo amekuja na dawa yake. Anagonga fimbo ukutani. "Tangu sasa kila benchi linamsemea mtu mmoja. Polikarpi na wenzako, ninyi ni askari. Mzee Rwegoshora, shikamoo, wewe ndiye mganga."

Polikarpi anamgeukia taratibu. "Pole, mganga. Wewe humwezi hata kuku. Baki salama."

"Nibaki na nani?" Rwegoshora ameshasimama. "Nimewafunga vidonda tangu msituni, leo mnanitupia fisi? Sibaki! Dada, hakuna njia nyingine?"

"Ipo, ya bondeni. Ndefu, na ina majambazi."

"Basi wote bondeni!"

Chumba kinalipuka kwa kicheko. Polikarpi anampa mkono: "Mzee, leo umeuvaa uhusika."

Bondeni wanapoteza upanga wao bora. Rwegoshora, aliyeuhangaikia mwezi mzima, anauliza tu nani ameumia.

Vestina ana ndoto ya kujifunza kutengeneza michezo, atunge mmoja wa Kiswahili, wenye wasafiri wanaopita Kibingo na kuvuka Mto Kagera.

"Hautahitaji mkalimani," anasema. "Nami nitakaa kwenye benchi, nichague mtu wangu."

Yupi?

"Mwizi," anasema, akicheka hadi anashika mbavu. "Umama mwema nimeufanya vya kutosha."